Kuna Mtu Ndani?

Mke wangu hafungui kabati kabla ya kuliuliza. Anasimama mbele yake, anagonga mara mbili, anasema kwa sauti, "Kuna mtu ndani?" Ndipo anafungua na kutoa gauni lake. Choo, stoo, chumba cha watoto, hata kabla ya kuwasha taa ya sebuleni, ni hivyo hivyo. Kwa miaka kumi nilikuwa namjibu kutoka kwenye cherehani yangu, "Hakuna, mama, ni majini tu, pita!" Wageni walicheka mpaka machozi. Dada yangu, ambaye mdomo wake hauna breki, alisema nimeoa mlinzi wa makaburi. Mwenyewe hakucheka hata siku moja, na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani hana utani.

Mke wangu ni fundi umeme kwenye yadi ya betri. Nje ya mji, ng'ambo ya uwanja wa paneli za jua na mitambo ya upepo, kuna makontena meupe arobaini yamepangwa kwa safu, na kila moja limejaa betri kutoka sakafuni hadi darini. Mchana jua linayajaza. Jua likizama, watu wanarudi nyumbani, wanawasha taa, wanawasha majiko, na makontena yale ndiyo yanayoubeba mji mzima. Ni kama tangi la maji juu ya paa: unalijaza bomba likitoka, unachota bomba likikauka. Mimi fundi cherehani nimeelewa, kwa hiyo hakuna wa kushindwa.

Sasa, ukitaka kuingia ndani ya kontena kutengeneza kitu, unazima swichi yake kubwa iliyo nje, halafu unaitia kufuli lako mwenyewe, lenye kibandiko cha jina lako. Kufuli likiwa pale, hakuna wa kuwasha, awe bosi awe nani. Ukimaliza unatoka, unalitoa. Ndiyo sheria, na sheria hiyo ndiyo uhai wa mtu.

Pale yadini alikuwepo fundi mmoja waliyemwita Sahau. Mtu wa watu, mcheshi, fundi kwelikweli, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: akimaliza kazi, anasahau kutoa kufuli. Yeye huyoo kwake, kufuli linabaki linaning'inia. Wenzake wanampigia simu, "Sahau, umetuachia tena!" Naye anacheka, "Ah, jamani! Ufunguo wa akiba uko ofisini, fungueni tu." Wakafungua mara ya kwanza, ya pili, ya ishirini. Mazoea yana taabu. Mwisho kufuli la Sahau likawa pambo, halimtishi mtu.

Sahau alikufa ndani ya kontena namba kumi na saba, jioni moja mji ukianza kuwasha taa. Uchunguzi ukaandika kwamba swichi haikuwa na kufuli. Marehemu alisahau kufunga. Kuanzia hapo akawa somo. Kila fundi mpya akifika, msimamizi anampeleka mbele ya namba kumi na saba, anampa kisa cha Sahau aliyesahau. Ukutani ofisini wakabandika picha ya kufuli, na chini yake maneno: "Usiwe Sahau."

Mazishini nilikuwepo. Mke wangu alikaa na mjane siku zote za msiba, akimpikia, akimwogeshea watoto. Nikasema moyoni, huyu mwanamke ana utu.

Mwaka huu akaja fundi mpya, binti wa miaka ishirini na mbili, ametoka chuo juzijuzi. Msimamizi hakujua ni nani. Akampeleka namba kumi na saba pamoja na wenzake, akaanza kisa chake na vichekesho vyake. Binti akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo ni baba yangu," akasema. "Na baba alikuwa anasahau kutoa. Hakuwahi kusahau kufunga. Nyumbani alikuwa anafunga geti hata sisi tukiwa bado nje."

Mke wangu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale.

Siku hiyo aliporudi hakula. Alikwenda jikoni, akashusha kopo kuukuu la kahawa ambalo siku zote nilidhani ni tupu, akaliweka juu ya suruali ya mteja niliyokuwa naishona. Ndani kulikuwa na kufuli jekundu. Kibandiko kimefifia, lakini jina la marehemu lilisomeka.

"Lilikuwepo," akaniambia. "Nililitoa mimi."

Nikaacha kushona. Akanieleza kwamba jioni ile chumba cha udhibiti walikuwa wanapiga kelele redioni: jua limekwenda, mji unawasha, namba kumi na saba iko wapi? Akafika, akaliona kufuli la Sahau. Mlango wa kontena ulikuwa umerudishwa kwa sababu ya vumbi. Akampigia simu mara mbili, haikupokelewa. Simu haziingii ndani ya kontena, zinaachwa kwenye sanduku langoni, na hilo alilijua. Akasema, huyu naye, katuachia tena. Akaleta ufunguo wa akiba, akalitoa kufuli, akalitia mfukoni, akawasha. Wachunguzi walipouliza kufuli liko wapi, lilikuwa bado mfukoni mwake, na ulimi ukakataa.

"Sikuita," akasema. "Mlango ulikuwa hapa, mume wangu, hapa ulipokaa wewe. Ningesema tu, kuna mtu ndani? Maneno matatu."

Miaka kumi nzima mimi namjibu majini! Na sasa niseme ukweli ingawa ni aibu: jambo la kwanza nililomwambia ni anyamaze. Nikamwambia kuna jela, kuna watoto, yaliyopita si ndwele.

"Ndwele ndiyo hii," akasema. "Na namsikia. Kila nikigonga, kabla sijafungua, namsikia anavuta pumzi ya kujibu."

Wiki nzima mimi mwenyewe niliogopa kulitazama lile kabati.

Yeye hakungoja wiki; kesho yake tu alikwenda yadini. Akaliweka kufuli mezani mbele ya msimamizi na yule binti, akasema yote akiwa amesimama. Wakaja polisi, akaandika maelezo, akasimamishwa kazi miezi minne, na hakimu akampa kifungo cha nje. Ile picha ukutani ikabanduliwa. Tulikwenda wote wawili kwa mjane. Alimsikiliza pale mlangoni, akafunga, na tukasikia ufunguo ukizungushwa mara mbili. Ilituchukua muda kuondoka pale.

Wakubwa wa yadi walitaka kumfukuza kabisa, lakini wakamuuliza binti kwanza, maana aliyefiwa ni yeye.

"Abaki," akasema. "Ila asiguse ufunguo tena. Mimi nikiingia ndani, yeye asimame nje, aite."

Ndivyo ilivyo hadi leo. Binti anafunga swichi kwa kufuli jekundu la baba yake, anaingia. Mke wangu anasimama mlangoni. Kila robo saa, na kabla ya mtu yeyote kuisogelea ile swichi, sharti aite na sharti ajibiwe. Binti hamsemeshi, hata salamu hampi. Neno analompa ni moja tu, "Nipo," kwa kuwa kazi inamlazimisha.

Siku nyingine anachelewa kujibu. Mke wangu anaita, kimya. Feni zinavuma, redioni wanauliza namba kumi na saba vipi, kimya. Anasimama, kiganja kwenye mlango, jasho linamtiririka, mpaka sauti itoke: "Nipo."

Juzi alirudi akaniambia binti amechelewa tena kujibu, nami nikapandwa na hasira. Nikatupa mkasi. Nikasema kesho nakwenda mwenyewe kumwambia yule mtoto aache ukatili, mtu ameshakiri, ameshatubu, anataka nini tena?

Mke wangu alikuwa mbele ya kabati. Alikuwa ameshagonga, anangoja.

"Mwache achelewe," akasema. "Baba yake mimi sikumngoja hata dakika moja."