Sura ya Mama kwenye Dawa ya Panya

Mtaani walimwita Bi Rangi, na jina lilimganda ingawa nguo zake zote zilikuwa za kijivu. Kazi yake ilikuwa kuchora: maboksi ya maziwa, vibandiko vya chupa, mabango ya madaktari wa meno. Hakuajiriwa na mtu. Ofisi ilikuwa meza ya chumbani, kompyuta iliyopasuka kona, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Aliishi na baba yake, mzee mstaafu aliyefungulia redio kwa sauti ya kuwaudhi hata viziwi.

Mama alipofariki, Bi Rangi hakulia. Watu walimtazama msibani wakingoja, wakachoka wenyewe. Aliosha vyombo, akapanga viti, akawasindikiza wageni. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Siku zile akachora sura ya mama akicheka, kichwa kimeinama kidogo, pengo linaonekana. Maishani mwake mama hakukubali kupigwa picha akicheka, kisa pengo hilohilo. Baba hakuonyeshwa mchoro. Binti aliogopa kumtonesha kidonda.

Aliyeuona mezani ni shemeji yake, mume wa dada, ofisa masoko wa kiwanda cha sabuni.

"Shemeji, mama hapa katoka hasa! Mtu akimwona tu anamwamini. Tupe tumweke kwenye sabuni."

Sabuni haikumchukiza. Mama alipenda usafi mpaka ikawa kero. Sasa, kila mchoraji anaijua kanuni ya kazi yake: mteja unampa picha iliyofungwa, aitazame tu, lile faili la wazi, ambalo kila mstari wake unaweza kuhamishwa na kubandikwa popote, unalikalia mpaka karatasi isainiwe. Bi Rangi mwenyewe aliwahubiria wenzake kanuni hiyo mpaka wakamkimbia. Lakini huyu ni shemeji! Alipogusia tu mkataba, jamaa alicheka mpaka akakohoa.

"Mkataba na mimi? Undugu ni kufaana, shemeji. Nitumie faili, tutaelewana."

Akatuma. Mganga hajigangi, na aibu ya undugu imewafunga midomo watu wenye akili kuliko yeye. Malipo yalikuja, tena kamili. Ubaya haukuwa hapo. Sabuni ikatoka madukani na mama akicheka juu yake. Kwa matumizi ya nyumbani, Bi Rangi akawa ananunua sabuni ya kiwanda kingine.

Kisha dada akapiga simu. "Umekaa? Kaa kwanza." Kiwanda kilikuwa kimeanza kutengeneza dawa ya panya. Bi Rangi akaenda kununua pakiti, akaiweka mezani. Ilikuwa nyekundu, na juu yake mama akicheka, anamnyooshea kidole panya aliyelala chali. Walikuwa wamemwongezea mkono. Kitu cha kwanza alichokiona Bi Rangi ni kwamba kidole gumba kiko upande usio wake. Akakaa akingoja hasira. Haikuja. Jambo moja tu alilijua: baba asije akaiona.

"Wakubwa ndio walioamua," alisema shemeji. "Faili lilikuwa kwenye kompyuta ya kiwanda. Mimi ningefanyaje?"

Akaenda kwa wakili, mama mmoja mwenye ofisi juu ya duka la matairi.

"Ulisaini nini?"

"Sikusaini chochote."

"Basi na wao hawana kitu. Kwa sheria yetu mchoro ni wa aliyechora, mpaka auachie kwa maandishi. Shemeji yako alikutumia ujumbe?"

Alikuwa nao kwenye simu: *ni wa sabuni tu shemeji, usiwe na wasi*.

"Usifute hata nukta. Na siku nyingine, kabla hujatuma kitu, andikianeni: mchoro ni wa bidhaa gani, kwa muda gani, na nani ana ruhusa ya kuubadilisha. Hata akiwa ndugu. Hasa akiwa ndugu."

Wakili akaandika barua. Kiwanda kikajibu kwa kumtuma shemeji na karatasi, akifuatana na dada.

"Weka saini tu, shemeji. Wanasema mimi ndiye niliyewaingiza matatani."

Bi Rangi akaisoma mstari kwa mstari. "Bidhaa yoyote," akasoma kwa sauti. "Milele." Akaweka kalamu chini. Dada alikuwa ameinamia sakafu.

"Hapana. Nataka mmtoe kote. Hata kwenye sabuni."

"Una roho ya jiwe wewe," alisema dada.

"Ndiyo," akajibu, maana ndivyo alivyojiona.

Kiwanda kilivutana naye kidogo, kisha kikaogopa mahakama. Karatasi nyingine ikasainiwa kwa wakili, sura ikaondolewa. Sabuni ikawekewa ua, dawa ya panya ikawekewa paka. Shemeji akahamishiwa ghalani, na dada akaacha kupiga simu. Wakili alimpongeza. Bi Rangi akasema asante, akarudi mezani kumalizia boksi la maziwa.

Asubuhi moja baba alirudi kutoka dukani, akaketi bila kufungua redio.

"Mama yako wamemtoa," alisema.

Kalamu ilimsimama Bi Rangi mkononi. "Baba, kumbe ulikuwa unajua?"

"Tangu sabuni. Mkono wako naujua, mwanangu. Nilikuwa nikipita dukani asubuhi namsalimia, naendelea na safari zangu."

"Hata kwenye ile ya panya?"

"Ile ndiyo hasa! Mama yako na panya, unamjua." Akacheka peke yake. "Sijui tumewakosea nini hao watu wa kiwanda. Wewe si una namba zao? Waombe wamrudishe, hata kwenye kitu kidogo tu."

Kitu kikampasuka Bi Rangi kifuani, kikauma kuliko alivyodhani mtu anaweza kuumia. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Si kiwanda, baba. Ni mimi niliyemtoa."