Machozi ya Direkta wa Kazino

Jumapili hii padri alituomba tumuombee direkta wa kazino aliyekufa, "baba aliyependa sana familia yake." Sikuomba. Nilifunga macho tu, ili mama asinione.

Zamani mama alikuwa yaya nyumbani kwake. Mchana mmoja nilikimbia kutoka mtaani kwetu Kabondo hadi kule kumwambia kwamba mdogo wangu Alphonse, niliyemwacha kwa jirani, anatetemeka kwa homa na hanywi tena maji. Nyumba ilinuka nta ya sakafu na sigara. Chumbani alimokuwa mama, binti wa direkta alikuwa anakohoa, na baba yake amepiga magoti kando ya kitanda, analia kwa kwikwi. Sikuwa nimewahi kuona mwanaume mkubwa akilia hivyo. Nikafurahi moyoni, nikidhani mtu wa namna hii hawezi kutukatalia. Nilikuwa mjinga sana.

"Monsieur, mutoto wangu pia iko mugonjwa," mama akasema. "Unipatie ruhusa niende."

"Wewe iko na watoto wangapi?"

"Wane, Monsieur."

"Bon. Mimi niko na huyu mumoja tu. Utabakia."

Hakusema kwa hasira. Alimpangusa binti yake jasho, akambusu vidole kimoja kimoja, na mimi nikasimama mlangoni nikingoja, nikiamini kwamba akimaliza kumbusu atamwambia mama aende.

Alimruhusu jioni. Tulipofika nyumbani, majirani walikuwa wamekwisha kutandika mikeka ya matanga uani.