Santuri ya Ngurumo

Katika soko letu la Jumamosi jijini Meksiko, Don Evaristo hakumuuzia mgeni santuri yoyote kabla ya kumsikilizisha ile ya ngurumo: dakika ishirini za mwanamke akinguruma katikati ya mlio wa vyuma. Ukikunja uso tu, anakutimua. Mimi nauza kanda meza ya pili, nimeona wengi wakiondoka wamenuna.

Siku hiyo akaja binti aitwaye Nayeli, akasema ndiyo kwanza anaanza kuujua muziki huu wa makelele. Alisikiliza amefumba macho, amekunja ngumi. Dakika ya saba machozi yakamtoka. Don Evaristo akanikonyeza.

“Umekuingia, binti?”

“Naona aibu kukwambia, mzee.”

“Sema. Hapa hatung'atani.”

“Huyo ni mama yangu. Lakini unaizungusha polepole mno.”

Don Evaristo alimkazia macho, kisha akasogeza swichi ya kasi ya gramafoni. Vyuma vikawa kengele ndogo, na ngurumo ikawa sauti ya mama akimbembeleza mtoto.

“Miaka kumi na tisa,” akasema, “nawafukuza watu, nawaambia hawana masikio.”