Tisa Nukta Tatu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeisimamisha milima bila ya kuchoka, kisha akaacha nafasi katikati yake ili mja apite amfikie aliye wake. Namshukuru kwa alichonipa na kwa alichokichukua, na namwomba ampe rehema na amani Mtume wetu, na watu wake, na masahaba zake. Baada ya hayo, ninachotaka kukiandika ni habari ya gari na mafuta yake.

Marehemu mke wangu angelicheka kuliona jambo hilo limeanza kwa dua. Lakini yeye mwenyewe alikuwa hafungi mkanda ila kwa bismillahi.

Gari lile tulilinunua nilipostaafu ukarani pale bandarini Jeddah. Ni gari la juu kidogo, si jipu wala si saluni. Mke wangu alilitaka la juu kwa sababu ya magoti yake. Hakuweza tena kuinama kuingia kwenye kiti cha chini. Mimi nikalitaka linalovuta kwa magurudumu yote manne, kwa ajili ya siku mvua inapoigeuza mitaa yetu kuwa mito. Na injini yake nikaitaka yenye turbo, kwa kuwa binti yetu wa pekee ameolewa Riyadh, anaishi mtaa wa Al-Malqa, na mtu hafiki huko kutoka kwetu pwani bila kupanda kwanza mlima wa Taif. Mwuzaji alinifungulia kijitabu akanionyesha kwa kidole: lita moja, kilomita kumi na tatu.

Hatukuziona hizo kumi na tatu. Nilikuwa nimezoea karatasi za bandarini, ambapo uzito ulioandikwa ndio uzito uliopo, kwa hiyo jambo hilo lilinisumbua kuliko lilivyostahili. Nilipima upepo wa magurudumu asubuhi kabla ya jua kuyapasha moto. Nilijaribu petroli ya pampu ya kijani, nikajaribu ya pampu nyekundu, iliyo ghali zaidi. Nilipunguza kiyoyozi mpaka mke wangu akaanza kujipepea kwa ushungi wake huku akinitazama.

"Bwana," aliniambia siku moja njiani, "umeoa mimi au umeoa namba?"

"Nataka kujua inakwenda wapi, mafuta."

"Huyo turbo wako ni kama mgeni mwenye adabu. Ukimwacha taratibu, hali sana. Ukimhimiza tu, anamaliza sinia."

Na kweli ndivyo ilivyo. Ukikanyaga kidogo, ni injini ndogo, inaridhika na kidogo. Ukikanyaga sana, turbo inasukuma hewa nyingi ndani, na hewa haiingii peke yake, inaingia na petroli. Tena magurudumu manne yana uzito wake, na milima ina haki yake. Na zaidi ya yote kulikuwa na mizigo ya mke wangu. Hakuwahi kwenda kwa mwanawe mikono mitupu. Nyuma tulipakia madumu ya Zamzam, gunia la mchele ambao Riyadh upo tele, mitungi ya achari aliyoianika mwenyewe juu ya paa, na samaki waliogandishwa ndani ya boksi la barafu lililokuwa zito kama jiwe. Nikimwambia uzito unakula mafuta, hunijibu, "Basi uache ule, usafiri na njaa kwa nini?"

Kwenye dashibodi mbele ya dereva kulikuwa na vihesabu viwili vya safari, kila kimoja na wastani wake wa mafuta. Cha kwanza nilikuwa nakirudisha sifuri kila nikijaza tangi. Siku ya kwanza kabisa nilitaka kukirudisha na cha pili, mke wangu akanishika mkono. "Hicho kiache," alisema. "Tuone wastani wetu wa umri." Basi tukakiacha. Kikawa kinajumlisha kila kitu tulichokwenda pamoja, Riyadh na kurudi, hospitali na kurudi, Makka na kurudi, kikakaa kwenye kilomita tisa nukta tatu kwa lita na hakikuondoka hapo tena. Yeye alipendezwa nacho. Alikuwa akiingia garini huuliza, "Tunaendeleaje?" nami humwambia, "Tisa nukta tatu," naye husema, "Alhamdulillahi, hatujambo."

Mungu alimchukua baada ya maradhi mafupi. Sitaeleza zaidi ya hapo. Aliyepata kufiwa anajua, na ambaye hajafiwa Mungu amcheleweshee kujua.

Miezi michache baadaye nilikwenda Riyadh peke yangu. Mzigo wangu ulikuwa begi dogo lenye kanzu na kikoi. Sikuwa na achari wala samaki. Niliendesha polepole njia nzima, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniambia yalla, binti anangoja. Sikusimama ila kwa sala na kwa kujaza. Nilipoliegesha gari mbele ya nyumba ya binti yangu nikatazama kihesabu cha kwanza: karibu kumi na mbili. Miaka yote niliyoitafuta namba hiyo, sikuipata ila siku niliyokuwa sina kitu garini.

Kisha nikabonyeza kutazama cha pili. Kilikuwa tisa nukta tano.

Nilikaa garini mpaka ubaridi wa kiyoyozi ulipokwisha na joto likaanza kuingia. Mtu mwingine angesema gari limefanya vizuri. Mimi niliona kwamba kila kilomita ninayokwenda peke yangu inaizimua ile namba ya kwetu wawili, kama maji yanavyoongezwa kwenye sharubati, mpaka siku moja itakuwa ni maji tu.

Nikaacha kuendesha. Niliporudi Jeddah nililifunika gari kwa turubai kivulini, nikaliwasha mara mojamoja tu ili betri isife. Msikitini nilikwenda kwa miguu, sokoni kwa teksi. Binti yangu alipiga simu na kuuliza nakuja lini, nami nilikuwa na majibu: joto kali, mgongo, mwezi ujao inshaallah. Alisema, "Basi panda ndege, baba." Nikasema ndege inaniumiza masikio. Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu.

Nyumba ilikuwa kimya. Nilikuwa napika wali wa mtu mmoja, na wali wa mtu mmoja unashika chini ya sufuria hata ukiuangalia. Baada ya alfajiri nilikaa na msahafu mpaka jua lichomoze, na hiyo ndiyo iliyokuwa saa nzuri ya siku. Iliyobaki ilikuwa ndefu.

Binti yangu alipokaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza, alinipigia.

"Baba, nataka kinu cha mama."

Kwetu sisi watu wa Unguja mzazi hukaa arubaini chini ya mamake. Hupewa uji wa pilipili manga, hukandwa, hufukizwa, na viungo vyake hutwangwa, havisagwi. Mke wangu hakuamini mashine. Alisema mashine inakata, haitwangi. Kinu chake kilikuwa cha gogo moja, kilichokuja na mamake kwa meli pamoja na wale waliohama baada ya mapinduzi, mimi mwenyewe nikiwa mtoto wa kubebwa miongoni mwao. Mtu mmoja hukiinua kwa taabu.

Nikamwambia sawa. Nikaenda kwenye ofisi ya mabasi, wakanieleza kwamba wanapokea mizigo mpaka Batha, kule kule Riyadh, na mumewe anaweza kwenda kukichukua pale. Nilifurahi kwa kupata njia. Nikampigia kumweleza.

 Akasema, bila kupandisha sauti, "Kwa hiyo kinu kitakuja, baba yangu hatakuja."

"Mwanangu, si hivyo."

"Mama nimemkosa kwa amri ya Mungu. Wewe nakukosa kwa amri ya nani?"

 Sikuweza kumwambia kwamba nailinda namba. Nilipokata simu nilikwenda kulifunua gari.

Kinu hakikuingia nyuma. Nilikuwa nimeshapakia madumu ya Zamzam, na gunia, na chetezo, na masufuria ya mke wangu, na mitungi ya mwisho ya achari iliyobaki kabatini; mkono wangu ulikuwa unapakia kama alivyokuwa akipakia yeye. Nikamwomba jirani anisaidie, tukakisimamisha kinu kwenye kiti cha mbele, mchi ukalala chini yake. Nilipoondoka tu gari likaanza kulia, tiiti, tiiti. Lilidhani kuna mtu amekaa pale hajafunga mkanda. Nikasimama kando ya barabara, nikavuta ule mkanda, nikakifunga kinu. Kelele ikanyamaza. Nikasema bismillahi mara mbili, moja yangu na moja ya upande ule.

Nilipanga kwenda taratibu. Lakini nilipokwisha kuupanda mlima na kuipita Taif, mkwe wangu akapiga: uchungu umeanza, wapo hospitali, anakuuliza wewe. Kutoka pale mpaka Riyadh ni mwendo mrefu, tambarare isiyo na kitu cha kulitulizia jicho, na siku ile upepo ulikuwa unatoka mbele, umebeba mchanga. Nikakanyaga mafuta. Sikuvuka kiasi kinachoruhusiwa, lakini nilikifikia na nikakaa hapo hapo. Nikaisikia turbo inavuta pumzi. Mgeni alikuwa anamaliza sinia, nami sikumtazama. Nilikuwa nasoma nyiradi za uzazi, zile nilizozisoma kwenye korido siku mke wangu alipokuwa akimzaa huyu huyu.

Nilifika baada ya magharibi. Binti yangu alikuwa amelala ubavu, na mtoto wa kike yuko kifuani mwake, amekunjamana uso kama mzee aliyekatishwa usingizi.

"Nashikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akupe afya."

"Umekuja na kinu?"

"Nimekuja nacho."

"Kipo wapi?"

"Garini. Kimekaa mbele, kimefunga mkanda."

Alicheka, na kucheka kulimwuma, akajishika tumbo. Kisha akalia, na mimi nikatazama dirishani ili alie kwa nafasi yake. Mumewe akamchukua mtoto akanipa mimi. "Baba, muadhinie wewe," akasema. Nikaadhini kwenye sikio lake la kulia, kwa sauti ndogo. Mwisho wake nikaumalizia kwa midomo.

Asubuhi nilishuka kupakua mizigo pamoja na dada wa Kikenya anayefanya kazi nyumbani kwa binti yangu. Alifungua mlango wa mbele akasimama.

"Ai, babu. Hii kinu imekuja imefungwa belt kama madam?"

"Gari lilikuwa linapiga kelele."

"Mimi nilikuja Saudia na hata hakuna mtu alinishikia mkono," akasema, akacheka, akakifungua mkanda kwa upole. Ana mtoto wake kwao, analelewa na bibi yake.

Wakati anakibeba nilikaa kwenye kiti changu kutoa funguo, na kidole kikabonyeza kwa mazoea. Kihesabu cha pili kilisema tisa nukta tatu.

Sikukipa maana kisichokuwa nayo. Ulikuwa ni mzigo, na mwendo wa haraka, na upepo wa mbele. Mafuta mengi yalikwenda kwa siku moja, yakaushusha wastani mpaka pale ulipokuwa zamani. Hesabu zake ninazijua. Lakini nilikuwa nimekaa miezi nikiilinda namba ile chini ya turubai isiondoke, na siku niliyosahau kuilinda ndipo iliporudi. Nikasema, "Hatujambo." Kiti cha pili kilikuwa na vumbi la mti wa kinu, basi.

Nilikaa Al-Malqa arubaini nzima. Asubuhi nilisikia mchi ukipiga jikoni, na mtoto aliuzoea mlio huo kabla ya kuzoea sura zetu. Ilipokwisha, binti yangu aliniomba nihamie. Nikamwambia bado, nyumba ya mamake haijawa tayari kufungwa, lakini nitakuja, na kila nikija nitakuja kwa gari. Kinu kikabaki kwake.

Basi nikarudi peke yangu. Kwenda pwani ni kushuka, na gari lilikuwa tupu, na miguu yangu haikuwa na haraka. Nilijua namba itapanda, na ilipanda: tisa nukta nne kabla ya nusu ya njia. Sikusimama wala sikugeuza. Pale mikati ya Sayl, mahali pa kuhirimia, nilioga, nikavaa ihramu, nikatia nia ya umra kwa ajili ya marehemu, kama tulivyokuwa tukifanya kila tukitoka Riyadh. Barabara ikaanza kuteremka kuelekea Makka. Mke wangu akifika hapo alikuwa akisema, "Hapa Mungu anatusukuma." Nilisema maneno hayo mwenyewe, kwa sauti, kisha nikaendelea na talbia.

Nilipofika nyumbani baada ya umra, namba ilikuwa imepanda tena, na turubai sikulirudisha. Nikapika wali wa mtu mmoja. Ukashika chini.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe safari njema na wa kukaa ubavuni mwako. Akikuchukulia, akupe subira ya kuifunga safari iliyobaki, na akukutanishe na wako mahali ambapo njia zote zinakoma. Amin.