Siku Nilipokuwa Tatu

Naomba mcheke mapema mmalize, kwa sababu nikifika pale kwenye goli nitahitaji mnyamaze kidogo. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu kwamba kovu hili la gotini nililipata kazini. Si uongo. Ila sijawahi kusema nilikuwa nimevaa nini.

Ilikuwa mwaka 2012, nimemaliza chuo, nimekaa nyumbani Kitui miezi kumi na minne nikimsaidia mama kufukuza kuku wa jirani, ndipo nikapata kazi ya muda Lodwar, ya karani wa kuandikisha watoto shule katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kazi ya kwanza maishani! Siku ya kuripoti, mkubwa wetu, Madam Akiru, mama wa Kiturkana anayetembea haraka kuliko anavyoongea (na anaongea haraka), alinipita kwenye korido na karatasi mkononi akanisalimu kwa Kiturkana, "Ejok, Mutua. Kesho wewe ni Tatu. Saa tatu kamili, usinichelewee." Akaingia ofisini, mlango ukafungwa.

Hapo ndipo ningeuliza. Mlango wenyewe ulikuwa hatua nne tu kutoka nilipo. Lakini nikawaza: nikiuliza, ataona sijui kitu, akiona sijui kitu, atajiuliza nilipataje digrii, akijiuliza, atapiga simu chuoni. Kwa hiyo nikamuuliza mlinzi, kwa ujanja, kana kwamba nadadisi tu, "Hivi Tatu ni wapi?" Akasema, "Kakuma Tatu, si huko kambini?" Nikashukuru. Uani pale palikuwa na magari yamebandikwa karatasi kwenye kioo, moja, mbili, tatu, nne, na mimi nikayapita nikidhani ni namba za kuegesha.

Alfajiri nikatangulia Kakuma kwa gari la abiria, nimevaa viatu vyeusi vya mahafali, simu nimeizima ili chaji isiishe (nilihesabu kwamba nitaihitaji jioni zaidi). Nilijipongeza njia nzima. Wenzangu watanikuta nimeketi nawasubiri, Madam atasema, huyu kijana!

Nilimpata kijana wa bodaboda, Majok, Msudani Kusini mrefu mpaka magoti yake yanagusa usukani. Nikamwambia, "Nipeleke Tatu." Akanitazama.

"Tatu gani, bro?"

"Ile Tatu."

"Hapa tatu ziko mingi. Kuna Kakuma Tatu, kuna zoni tatu, kuna bloki tatu, kuna bomba tatu ya maji. Hata kwaya ya kanisa yetu inaitwa Tatu, hiyo moja na mbili ziligombana."

Mtu mwenye akili angewasha simu. Mimi nilisema, "Anza na ya kwanza." Tukazunguka. Kakuma Tatu ilikuwa mtaa mzima, na hakuna aliyekuwa akinisubiri. Bloki tatu nilikuta mbuzi na bibi mmoja aliyelala. Bomba namba tatu mitungi ya njano ilikuwa imepangwa foleni badala ya wenyewe, nami nikasogeza mmoja kwa mguu nipate kivuli. Mama mmoja akapaza sauti kutoka mbali, "We kijana wa tai! Huo mtungi umeamka saa kumi usiku, wewe umeamka saa ngapi?" Nikaurudisha haraka, nikauomba radhi. Ndiyo, mtungi.

Saa tatu ikapita, saa tano ikapita, jasho linanitoka mpaka kwenye soksi. Karibu saa nane Majok akanifikisha kwenye uwanja wa shule, akasema petroli imekwisha na yeye mwenyewe amekwisha. Pale wazazi zaidi ya mia walikuwa wameketi kwenye ukanda mwembamba wa kivuli, watoto wamevalishwa nguo za kanisani. Nikamuuliza mwalimu mmoja aliyeshika filimbi, Mwalimu Deng, kuna nini.

"Tunangoja gari ya Lodwar ya kuandikisha watoto. Ilikuwa ifike saa sita. Walipiga simu asubuhi kwamba imekwama, kuna mtu mmoja wamempoteza."

Jamani, nilifurahi! Kumbe sijachelewa, ni wao! Nikamwambia Mwalimu Deng kwa sauti ya mtu mwenye uzoefu, "Ofisini hakukosi mmoja wa namna hiyo." Akacheka, mimi nikacheka zaidi yake. Nikamsikitikia kabisa huyo mpotevu, nikasema moyoni leo atafutwa kazi maskini.

"Na wewe ni nani?" akauliza.

"Mimi nimeambiwa ni Tatu."

Macho yakamng'aa. "Tatu! Mbona unachelewa? Vijana wanacheza kupoteza wakati, na beki wa kushoto hakuna!" Akanitupia jezi ya kijani yenye 3 kubwa mgongoni.

Hapa msinicheke, nilifikiri. Nilifikiri sana. Nikaona yote yameingiana: Madam amepanga makarani wachanganyike na jamii kwanza, kila mtu na namba yake, na huu ni mtihani. Nikavua shati na tai, nikavaa jezi, nikaingia uwanjani na viatu vya mahafali.

Nilicheza dakika kama ishirini bila kuugusa mpira, jambo ambalo lilisaidia timu. Kisha vumbi likatokea barabarani, magari manne, askari mbele na nyuma, nami nikataka Madam anione nikijituma. Mpira ukanijia. Nikaupiga kwa nguvu zangu zote, soli ya kiatu ikateleza kwenye changarawe, nikaanguka kwa goti, mpira ukaenda kinyume na nilivyokusudia, ukaingia golini kwetu. Wazazi mia wakashangilia kama Krismasi, "Tatu! Tatu! Tatu!"

Madam Akiru alikuwa ameshuka kwenye gari lenye karatasi ya 3. Akaja mpaka katikati ya uwanja.

"Mutua."

"Madam, mimi nilifika mapema."

"Ulifika wapi?"

"Tatu."

"Tatu ni gari! Msafara hauondoki mtu akipungua, askari hawaruhusu. Tumekusubiri kwa saa mbili na nusu juani, mpaka nikalifuta jina lako kwenye orodha. Kiti chako kilikuwa kimebeba chupa ya chai!" Akamgeukia dereva. "Barua yake ya kazi iko wapi? Nipe kalamu."

Nikaiona Kitui. Nikawaona kuku wa jirani.

Mwalimu Deng akaja mbio, filimbi bado mdomoni. "Madam, huyu mchezo hajui kabisa. Lakini kuandika anajua? Watoto wamechoka."

Madam akawatazama wale watoto, akanitazama mimi, damu inachuruzika kwenye soksi. "Kaa meza ya tatu," akasema, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Niliandikisha watoto mpaka jua likazama, nikiwa na jezi ileile, na kila mzazi alitaka foleni yangu.

Jioni, tukinywa chai kambini, Madam akapita nyuma yetu na karatasi zake. "Mutua, kesho wewe ni Nne." Dereva na askari wakaweka vikombe chini kunisubiri. Masikio yaliniwaka, lakini nikasimama.

"Nne gani, Madam? Gari, meza, bloki, au bomba?"

"Gari," akasema. "Saa mbili, hapa getini."

Ndilo jibu hilo, lote. Tangu siku hiyo mimi huuliza kila kitu, hata kwenye mazishi.