Godoro Nililoshinda na Baba Mkwe

Aibu yangu mimi siwezi kuificha, maana Tukuyu nzima wanayo, na wengine wanayo kwenye simu zao kabisa. Basi acheni niisimulie mwenyewe, kwa sababu nimesikia huko Kawetele watu wanasema nilikumbatiana na baba mkwe wangu kitandani, na hilo, jamani, ni uongo mtupu, kitanda hakikuwepo, lilikuwepo godoro tu.

Mimi naitwa Penina, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Iramba kule Singida. Ajira ndiyo iliyonileta Rungwe, na Ambakisye, fundi umeme mwenye maneno matamu, ndiye aliyenibakiza. Sasa kwa Wanyakyusa (mnaojua mnivumilie kidogo), mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Siyo kwamba wamegombana, hapana, ndiyo heshima yenyewe. Mkikutana njiani wewe mwanamke unaacha njia, unaingia migombani, unajifunika kanga kichwani na kugeuza mgongo mpaka apite, hamshikani mikono, hamli pamoja, hata jina lake hulitamki. Vijana wengi wa siku hizi wameshalegeza, wapo wanaopanda bajaji moja na wakwe zao na kucheka humo ndani, lakini baba mkwe wangu wa Lufingo hakulegeza kamba hata kidogo.

Kwa hiyo nilikuwa nimemaliza mwaka na zaidi kwenye ndoa bila kuujua uso wake. Harusi ilifungwa kwetu, magoti yakamzuia safari, akatuma wadogo zake. Tukienda Lufingo nilikuwa namjua kwa kikohozi tu, kikohozi kinene, cha kutoka tumboni, na kila kikisikika mama mkwe ananifinya, "Kimbia!" nami natupa nilichoshika naingia migombani. Kwa kikohozi kile nilijijengea kichwani jitu la kujaza mlango.

Na lazima nikimbie, maana kulikuwa na shamba. Mzee alikuwa na shamba la migomba la bondeni ambalo Ambakisye alilitaka ili ajenge, na alikuwa amesema, kupitia kwa mama mkwe, kwamba atalitoa siku atakayoridhika kwamba huyu mtu wa Singida ana heshima na hakuja kutalii. Basi kila tukikaribia Lufingo mume wangu ananishika mkono na kuniambia, "Mke wangu, leo ukimbie vizuri." Nimeshapoteza kandambili nyingi katika migomba ile kwa ajili ya kiwanja.

Haya. Wakaja watu wa tamasha la picha. Walitoka Dar es Salaam, wamevaa fulana nyepesi na kaptura (sijui nani aliwaambia kwamba Tukuyu katikati ya mwaka kuna joto), wakasimamisha mahema uwanjani karibu na soko, na bango kubwa: MAHUSIANO YA BINADAMU. Picha zimetundikwa kila mahali, mama na mtoto, mapacha wazee, majirani waliogombana wakapatana, ukungu unapita katikati yake na hao wa Dar wanatetemeka. Mimi nilikuwa nimefuata vitunguu tu, tena nilikuwa nimeshavinunua. Manyunyu yakaanza. Ningeweza kujikinga kwenye kibanda cha mashine ya kusaga, kilikuwa karibu zaidi, lakini nikasema hapana, nitanukia pumba, ngoja niingie kwenye lile hema. Hapo ndipo nilipojiroga mwenyewe.

Ndani kulikuwa na benchi, na kwenye benchi alikuwa amekaa mzee mmoja mdogo, mkavu, kofia ya kanisani na koti lililopigwa pasi. Akanisogezea nafasi.

"Shikamoo, baba."

"Malahaba, mwanangu. Kaa, kaa. Mfua hii haina adabu."

Nikakaa. Kumbe lile hema ndilo la mchezo wenyewe! Wanachukua watu wawili wasiojuana, wanawapiga picha kama ndugu, halafu watazamaji wanapiga kura kwa punje za maharage, kila picha na kopo lake, na watakaoshinda wanapewa godoro la sita kwa sita lililotolewa na mwenye duka mmoja wa pale mjini. Na sisi nyumbani, niseme ukweli, godoro letu lilikuwa na bonde katikati, ukilala unaamkia kwa mwenzio. Nikabaki.

Akaja mpiga picha, kijana mmoja anaitwa Dulla, meno yanagongana kwa baridi. "Nyie mnajuana?"

"Hatujuani," tukajibu kwa pamoja (na mbele ya Mungu, hatukusema uongo).

"Safi! Basi mama weka mkono begani kwa mzee. Mzee, mvalishe kofia yako. Subirini nirekebishe taa, pigeni stori mzoeane."

Tukapiga. Yule mzee alikuwa mcheshi, jamani! Alinisimulia ng'ombe wake aliyekula noti ya sadaka, akaniuliza wanafunzi wa siku hizi wanapigwaje kama fimbo zimekatazwa, kisha akanitazama na kusema, "Mwalimu, sula inaonekana imechoka. Wanakutesa ukweni?"

Na mimi mdomo wangu hauna mlango. "Mume wangu hana neno, baba. Shida ni baba mkwe. Uso wake siujui, lakini kikohozi chake nakijua mpaka naota. Nikijitwisha ndoo, anakohoa. Nikisonga ugali, anakohoa. Nahisi anajificha nyuma ya banda ananivizia."

Mzee akacheka mpaka akavua miwani akafuta macho. "Hapana, mwanangu, hapana. Msee anakohoa ili upate muda wa kukimbia. Asikukute na ndoo kichwani ukaaibika. Hiyo ndiyo hesima yake kwako."

Hakuna mtu aliyewahi kunielezea hivyo.

"Hata mimi nakohoa," akaendelea. "Nkamwana wangu, mke wa kijana wangu, naye katoka mbali. Nikikohoa anakimbia mpaka migomba inalala. Nasimama nakohoa tu mpaka kifua kinauma, yeye bado anatafuta kandambili. Namwonea huluma, lakini nitamwambiaje?"

"Maskini," nikasema. "Mkeo amwambie asikimbie hivyo, atavunjika mguu."

Ndiyo, nilisema hivyo. Mnaweza kucheka. Rungwe wakwe wanaokimbia wako wengi, na mwenzenu nilikuwa natafuta jitu, siyo mzee wa kunifika begani.

Dulla akaleta ndizi mbivu. "Mzee, mlishe binti yako!" Mzee akaimenya, akanitia mdomoni, mimi nimevaa kofia yake, mkono wangu shingoni kwake, vitunguu mapajani, wote wawili tunacheka meno yote nje. Ikapigwa. Wakaichapa hapo hapo, kubwa, wakaitundika nje mahali ambapo kila mtu anayekwenda sokoni lazima aione. Na watu wakaipenda! Hata alasiri kopo letu likawa limefurika, maharage yanamwagika chini, kuku wanapiga kura upya.

Tukaitwa jukwaani. Godoro lenyewe lipo, jipya, limefungwa nailoni, mzee kashika upande ule na mimi huu, tunatabasamu. Mshereheshaji, naye wa Dar, akashika kipaza sauti na karatasi ya majina tuliyoandikisha. "Washindi wetu! Wa kwanza ni Mwalimu Penina, mke wa Ambakisye fundi umeme!"

Nikaona tabasamu la yule mzee linazimika. Akageuza uso pembeni. Akakohoa.

Ndugu zangu, kikohozi kilikuwa kile kile. Kinene, cha kutoka tumboni, na sijui kilikuwa kinakaa wapi katika kifua kidogo vile. Miguu yangu ikakimbia kabla akili haijafika, ila mikono (hili nalo nalikiri) haikuliachia godoro. Mzee naye alikuwa amegeuka mgongo huku kalishikilia upande wake, basi nikakimbia mahali pamoja, godoro likajikunja katikati, nikajitupia kanga kichwani na kuchutama nyuma yake. Ndipo mshereheshaji akamalizia kusoma jina la mzee na kijiji chake, jina ambalo mimi sitalitamka hata hapa.

Mama mmoja muuza ndizi wa Lufingo akapiga ukelele kutoka kwenye umati. "Mwe! Gwe Kyala! Mungu wangu! Si nkamwana wake yule? Kamlisha ndizi nkamwana wake!"

Akina mama wa vijijini wakaziba macho kwa kanga zao. Lakini vijana wa mjini wale hawana huruma, na mshereheshaji hakuelewa kitu, akadhani ni furaha. "Oneni wanavyoona haya! Wakumbatiane! Wakumbatiane!" Na vijana wakaitikia, "Wa-kum-ba-ti-a-ne!" huku Dulla anapiga picha kama mtu anayelipwa kwa kila moja.

Nilitamani ardhi ipasuke. Shamba lile nililiona linaondoka na migomba yake yote, na nyumba ambayo haijajengwa, na mume wangu kasimama katikati.

Ngazi ya kushukia jukwaani ilikuwa moja tu, nyembamba. Yeye hawezi kunipita, mimi siwezi kumpita. Nikasikia mzee anamwambia mshereheshaji, bila kugeuka, "Mwambie huyo mama alisimamise godolo." Nikalisimamisha. Likawa ukuta. Yeye upande wake, mimi upande wangu, tukaanza kushuka, hatuonani, hatua kwa hatua, tukapasua umati hivyo hivyo mpaka barabarani, na kwa mbali (nimeiona picha) unaona godoro la sita kwa sita linatembea lenyewe Tukuyu mjini kwa miguu minne.

Dereva wa bajaji akasimama. "Wazee, tunalipeleka wapi?"

"Mwulise mama," ikatoka sauti upande ule.

"Mwulize mzee," nikasema upande huu.

Yule dereva alizunguka mara kadhaa, huku na huku, akiuliza na kurudishiwa, mpaka akatukana na kuondoka. Mwishowe mzee akaniachia godoro lote, akashika njia ya Lufingo, na kila baada ya muda akawa anakohoa ili nijue bado yupo karibu nisijifunue. Nilisimama nimejifunika pale kando ya barabara mpaka kikohozi kikapotelea kwenye ukungu.

Jioni, godoro limeshafika nyumbani, Ambakisye alirudi na picha tayari kwenye simu. "Penina. Ulimlisha baba ndizi?"

"Yeye ndiye alinilisha."

Akaketi juu ya lile godoro, akakumbuka lilikotoka, akaruka akakaa sakafuni. "Shamba limekwenda," akasema. Hakunifokea, na heri angefoka.

Jumapili tukaitwa Lufingo. Wazee wa ukoo ndani, mimi jikoni na mama mkwe, moshi na machozi havijulikani kipi ni kipi. Nilisikia yote. Mdogo wake mmoja akataka nitozwe ng'ombe. Mwingine akauliza kama picha nayo inabidi ikimbiwe, kwa sababu mke wa mwanawe, naye mkwe wa mzee vile vile, ana picha yake kwenye simu. Wakabishana kuhusu godoro, nani atalala juu ya kitu kilichoshikwa na mkwe na mkwe, na hapo walichukua muda mrefu kuliko kwenye dhambi yenyewe.

Mwishowe baba mkwe akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, ukuta wenyewe wa mabanzi unaopitisha kila neno, lakini mama mkwe alitoka akaenda kusikiliza, akarudi kuniambia kama inavyotakiwa.

"Anasema siku ile alikaa na binti mmoja mwalimu, mcheshi sana, wakala ndizi. Binti huyo hamjui tena. Nkamwana wake ni yule aliyejificha nyuma ya godoro wakati mji mzima unapiga kelele akumbatie, akafunika hata masikio. Anasema huyo ana heshima. Shamba wapewe."

Nikalia, safari hii machozi kweli. "Mama, mwambie baba asante. Na mwambie yule mzee wa hemani nilimpenda sana."

Akaenda. Akarudi, naye anafuta macho kwa ncha ya kanga. "Anasema naye alimpenda binti yule. Na godoro nililalie mimi."

Basi mama mkwe analilalia peke yake, kanenepa kwa usingizi, na baba mkwe kahamia chumba cha pili kwenye kitanda cha kamba. Mimi nimejifunza. Siketi karibu na mzee yeyote wa wilaya hii kabla sijamuuliza ukoo wake, kijiji chake, na kama ana kijana aliyeoa mtu wa mbali (mmoja alidhani mimi ni wa usalama akaondoka mbio). Na benchi la mtu wa picha sitalikalia tena hata mvua ya mawe ikinyesha.

Nyumba tumeshaiezeka, pale pale bondeni. Kutoka jikoni kwangu namsikia baba mkwe akiwasimulia majirani mambo ya ng'ombe wake, wanacheka, nami nacheka kimya kimya nimeshika mwiko. Rungwe nzima naweza kupiga soga na nimtakaye, isipokuwa yeye.