Nguruwe Sita kwa Kichwa cha Kepo

Puu! Kimya. Puu tena, kisha mtu anakohoa na mwingine anacheka. Ukungu wa asubuhi umeufunika uwanja wote wa mji wa Wabag, hata milingoti ya goli haionekani. Yanayosikika ni mabega ya vijana yakigonga magunia ya kahawa yaliyoshindiliwa nyasi.

"Kiunoni!" inafoka sauti ndani ya ukungu. "Unamwogopa kama mama mkwe! Mwangushe!"

Sauti hiyo ni ya Nepo Lyaki, 46, kocha wa timu ya Lai. Anajitokeza polepole, miguu peku, kofia ya sufu imeshushwa hadi kwenye nyusi, pua imepinda upande.

Huku milimani Enga, raga ya wachezaji kumi na watatu si mchezo wa kupitisha muda. Mtu huuza viazi vitamu wiki nzima ili apate kiingilio. Nepo aliicheza miaka kumi na moja, na mzee yeyote sokoni atakusimulia trai, yaani goli la raga, aliyofunga kwenye fainali dhidi ya timu ya Hagen, watu watatu wakimning'inia mgongoni.

Nepo mwenyewe haikumbuki.

"Wananiambia nilifunga, nawaamini," anasema. "Wananinunulia tambuu, mimi natafuna na kutikisa kichwa. Nifanyeje, nibishe?"

Siku hiyo alizimia kipindi cha kwanza. Viongozi wa klabu wakaamuru amwagiwe ndoo ya maji na kurudishwa uwanjani. Malipo yalikuwa kina hamsini, pesa za nchi hii, na sahani ya kuku. Leo anaunguza sufuria kwa kusahau, na jua kali humtapisha.

Kwa watu wa hapa, damu ya mtu ni ya ukoo wa mama yake. Ukimpasua mtu kichwa, unawalipa wajomba zake nguruwe.

"Jirani akinirushia jiwe, wajomba zangu wanalipwa," anasema Nepo. "Raga ikanigonga kichwa miaka yote ile, wajomba wakapewa tiketi za bure. Tena za viti vya juani."

Sasa mjomba ni yeye. Kepo, 21, mtoto wa dada yake Maeme, ndiye mkimbiaji hatari kuliko wote Lai. Kwenye nusu fainali aligongwa sikioni kwa goti. Alipozinduka alimuuliza Nepo mechi inaanza saa ngapi. Fainali ni Jumamosi hii, na watafuta vipaji wanapanda ndege kutoka mji mkuu, Port Moresby, kuja kumtazama.

"Mjomba, sijambo. Nipange," anasema Kepo.

"Jana ulikula nini?"

"Viazi."

"Enga nzima ilikula viazi. Nani alikupikia?"

Kepo anatazama vidole vyake.

Wiki iliyopita baba yake, Pyaso, alikuja na ndugu zake kushinikiza kijana acheze. Nepo akawajibu kwa mila yao wenyewe: wanaotaka kichwa cha Kepo wakilipie kwanza, nguruwe sita, kabla hajakanyaga uwanja. Aliamini wangeona haya. Hakuna ukoo uliowahi kulipia damu ambayo haijamwagika.

"Nilidhani nimewafungia mlango," anasema. "Kumbe naongea na watu wa raga."

Ukungu unapopanda, barabarani nguruwe wanapiga kelele. Pyaso na ndugu zake wanawaleta wote sita, kila mmoja na kamba mguuni. Viongozi wa klabu, ambao hawajawahi kugongwa hata na mlango, wanapiga makofi. Kichwa cha kijana kimepata bei, na bei imefika.

"Haya, shemeji," anasema Pyaso. "Umetaja, tumeleta. Au sasa unataka na kuku?"

Watu wanaangua kicheko. Nepo anapita mbele ya nguruwe, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho ni jike lenye mabaka, na kamba yake imeshikwa na Maeme.

"Kaka, huyu nimemlisha kwa mkono wangu," anasema dada yake. "Mpokee. Mtoto akipata timu Moresby, tumetoka kwenye matope haya."

Nepo anaichukua kamba. Shangwe zinalipuka. Kisha anamrudishia mkononi. Kwa watu wa hapa, kukataa nguruwe mbele ya watu ni kumtemea mate aliyemleta.

"Rudi naye nyumbani, dada."

"Unaniaibisha, Nepo? Mimi?"

"Nilikosea kutaja bei. Kichwa cha mtoto wetu hakikuwa cha kutajiwa."

"Ukocha umeisha leo!" anafoka Pyaso. "Na mibuni yako tutaikata yote!"

"Ikateni. Mwiteni kocha mwingine, na mimi atanikuta hapa hapa. Damu ya Kepo ni yetu, na mmelikubali hilo wenyewe kwa kuleta nguruwe."

Kepo anatupa viatu vyake kwenye tope na kumgeuzia mjomba wake mgongo. Nepo hamwiti. Anamtazama Maeme, na sauti yake inapanda ili wote wasikie.

"Jumamosi nitakaa na Kepo pale kwenye nyasi, nje ya mstari, nimemshika mkono. Akiinuka, nainuka naye. Atanichukia, na wewe utanichukia, sawa. Lakini ukizeeka, Maeme, mtoto huyu ataingia nyumbani kwako na kukuita mama bila kuambiwa wewe ni nani. Nakuahidi."